Luka na kitabu chake cha pili

Injili ya Luka ina mwisho uliokamilika. Yesu anawatoa wanafunzi wake mpaka karibu na Bethania, anawabariki, anachukuliwa mbinguni. Nao wanarudi Yerusalemu kwa furaha na kushinda hekaluni wakimsifu Mungu. Habari iliyoanzia hekaluni, kwa kuhani Zakaria na uvumba wake, inaishia hekaluni. Msomaji anaweza kufunga kitabu akaridhika.

Lakini mwandishi hakuridhika. Akaandika kingine.

Wengi huliona jambo hilo kuwa la fasihi tu, ilhali ni la imani tangu mwanzo. Matendo ya Mitume yanafunguka kwa kumtaja Theofilo, yuleyule aliyeandikiwa Injili, na kumkumbusha kitabu cha kwanza. Papo hapo Luka anatamka neno ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: kitabu kile kilieleza mambo ambayo Yesu alianza kuyafanya na kuyafundisha. Alianza! Sura zote 24, pamoja na msalaba na kaburi tupu, zinahesabiwa kuwa mwanzo. Na katika sura 28 zinazofuata, wanaotembea barabarani, wanaopigwa na kufungwa ni Petro, Stefano, Filipo na Paulo. Luka anadai kwamba kazi ya mmoja inaweza kuendelea mikononi mwa wengine na bado ikawa kazi yake yeye. Dai hilo ni zito, na namna aliyochagua kulitetea ni kuandika mwendelezo.

Si kila kinachokuja baadaye ni mwendelezo. Wapenzi wa filamu za Kibongo wanakumbuka filamu zilizouzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili: mara nyingi ilikuwa filamu moja iliyokatwa katikati, na anayenunua sehemu ya kwanza peke yake ana nusu ya kisa mkononi. Hadithi ya gazetini yenye neno "itaendelea" chini yake ni hivyohivyo. Mwisho umezuiliwa makusudi. Mwendelezo huja baada ya mwisho kufika, na unalazimika kuuheshimu mwisho huo. Nyongeza nayo ni kitu kingine, maana huingia ndani ya kazi ileile. Wataalamu wengi huzihesabu hivyo aya 12 za mwisho wa Injili ya Marko, kwa sababu hazimo katika nakala mbili mashuhuri za karne ya nne, ile ya Sinai na ile ya Vatikano. Mtu aliona Marko ameishia pabaya, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu, naye akaongeza.

Luka hakugusa mwisho wake wa kwanza. Aliusimulia upya, na hapo ndipo ufundi wake unapoonekana kwa karibu. Katika Injili, ukisoma sura ya 24 moja kwa moja, kupaa kwa Yesu kunaelekea kutokea siku ileile ya kufufuka. Katika Matendo kuna siku 40 kati ya mambo hayo mawili, mahali ni Mlima wa Mizeituni, na watu wawili wenye mavazi meupe wanawauliza wanafunzi kwa nini wamesimama wakitazama mbinguni. Tukio ni lilelile, ila sasa limekuwa mlango. Kitabu cha kwanza kinalitumia kufunga, cha pili kinalitumia kuwatuma watu njiani: Yerusalemu, Uyahudi, Samaria, hata miisho ya dunia.

Tena anawapa wanafunzi mwenendo wa Bwana wao. Stefano, akipigwa mawe, anaikabidhi roho yake na kuwaombea wauaji, kama Yesu msalabani katika Injili ya Luka. Yesu alimfufua kijana wa mjane wa Naini. Petro anamfufua Tabitha kule Yafa, na Paulo kule Troa anamrudisha Eutiko, kijana aliyesinzia dirishani mahubiri yalipokuwa marefu, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Anayesoma Matendo peke yake atayaona haya kuwa miujiza tu. Anayetoka katika Injili anasikia mwangwi.

Ndiyo maana inasikitisha kwamba mpangilio wa Agano Jipya umeiweka Injili ya Yohana katikati ya vitabu hivi viwili.

Kanisa la kale liliwahi kugombana juu ya uhusiano wa vitabu hivyo. Markioni, tajiri wa meli kutoka Sinope kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, alilipa kanisa la Roma sestersi 200,000. Alipotengwa mwaka 144 alirudishiwa fedha zake. Aliyakataa maandiko yote ya Kiebrania, yaani Agano la Kale, akabakiza Injili ya Luka aliyoipunguza na nyaraka kumi za Paulo. Matendo hayakuwamo. Kwake Kristo hakuendeleza chochote. Alikuja kuchukua nafasi ya yaliyotangulia. Miaka ya 180 hivi, Ireneo wa Lyon aliwajibu wenye mawazo kama hayo kwa hoja kali: anayemkubali Luka katika Injili hana haki ya kumkataa katika Matendo, maana shahidi ni mmoja. Hoja hiyo inamshika Markioni pabaya, kwa kuwa Paulo wa Matendo anaingia katika sinagogi za miji mingi na kuhubiri kutoka kwa manabii.

Hata hivyo Luka mwenyewe aliacha pengo. Matendo yanaishia Roma, Paulo akiwa mfungwa katika nyumba ya kupanga kwa miaka miwili, akiwapokea wote wanaomjia. Kesi mbele ya Kaisari, ambayo sura nane za mwisho zinaielekea, haielezwi ilikwishaje. Ama Luka aliona habari imefika alikotaka ifike, yaani mji mkuu wa dola, ama kuna jambo lililomzuia. Maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi, maana sentensi ya mwisho inamwonyesha Paulo akihubiri bila kuzuiwa.

Wasomaji hawakungoja. Katika karne ya pili zilienea habari za Paulo na mwanamke aitwaye Tekla, aliyevunja uchumba ili amfuate mtume. Tertuliano anaeleza kwamba kasisi mmoja wa Asia alikiri kuziandika kwa kumpenda Paulo, akaachia daraja lake. Kosa lake halikuwa mapenzi. Alilitumia jina la Paulo kubeba maneno ambayo Paulo hakuyasema, wakati Luka aliandika kama shahidi wa nje na kutaja alikozipata habari zake, kwa walioona kwa macho. Tekla lakini hakufutika. Makanisa ya Mashariki yanamheshimu kama mtakatifu, na monasteri yenye jina lake iko Maaloula, Syria.