Mke Mtii na Bonasi ya Majani Chai



Akina mama wa hapa Kebirigo huniuliza: “Mwalimu, ni dhambi mke kutaka nambari yake mwenyewe ya kuuzia majani chai?” Swali hili lina mizizi katika malezi yetu.

Tangu Komunyo ya Kwanza, msichana hufundishwa kwamba mwanamke mwema ni mpole na mtii kama Bikira Maria. Akiolewa, anachuma majani asubuhi kwenye baridi na kubeba kikapu hadi kituoni, lakini nambari ya mkulima ni ya baba wa boma. Bonasi ikitoka Oktoba, yeye huisikia kwa majirani. Ananyamaza, maana ameambiwa kunyamaza ni utakatifu.

Lakini malezi hayo hayo yamempa mengine. Katika jumuiya ndogo ndogo anaongoza sala. Anasoma masomo mbele ya waumini. Anaweka hesabu za chama cha akina mama, na haipotei hata shilingi. Masista wamemwonyesha kwamba mwanamke aweza kuendesha shule na zahanati. Anayeaminiwa fedha za Kanisa, mbona asiaminiwe fedha za jasho lake?

Akina baba, mnaupenda mstari wa 22 wa Waefeso sura ya 5. Anzeni na wa 21, ambapo Paulo anawaagiza wote kunyenyekeana. Mwaka 1988, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifundisha katika barua yake juu ya hadhi ya mwanamke kwamba utii wa ndoa ni wa pande mbili. Na Maria? Alimwuliza malaika swali, ndipo akakubali, bila kungoja ruhusa ya Yosefu. Mke anayesifiwa katika Mithali 31 hununua shamba baada ya kulifikiria mwenyewe. Hata Katiba yetu ya 2010, ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya bonasi, watoto wakishalala, kaeni wawili muandike: karo, mbolea, chakula, sadaka. Mama apewe sehemu ya chai yenye nambari yake. Naye asifiche mapato, kwa kuwa siri huzaa shuku. Siku ya malipo, baba asipitie sokoni peke yake.

Baba, usihofu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama Maria, uliyeuliza kabla ya kuitikia, utuombee.