Mwalimu Mpya, Anza na Majina

Hongera, mjukuu wangu. Barua ya kupangiwa kituo ilichelewa, na niliona ulivyokonda kwa mawazo ulipokuwa ukiisubiri. Sasa unakwenda kuripoti halmashauri, kisha kwa mkuu wa shule, na baada ya siku chache utasimama mbele ya Kidato cha Kwanza katika shule ya kata. Kwenye simu uliniuliza swali moja tu: "Bibi, watoto wote wale nitawatulizaje?" Jibu lake lilikuwa refu kwa simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie, na wenzako wanaoanza kazi mwaka huu nao wasome.

Mwanafunzi humtii mwalimu anayemjua. Chuoni walikufundisha azimio la kazi na andalio la somo, na hayo ni ya lazima. Anayeingia darasani bila kujiandaa hana haki ya kulalamikia kelele. Lakini andalio la somo halina nafasi ya kuandika kwamba yule wa dawati la tatu hajala tangu jana mchana. Hilo utalijua kwa kumjua yeye.

Ofisini utawasikia wakongwe wakisema watoto wa siku hizi hawaambiliki. Usibishane nao, ila maneno hayo usiende nayo darasani. Mimi niliyasikia nikiwa mwalimu kijana, baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977, ule tuliouita UPE, kutuletea watoto wengi kuliko madawati. Yakarudi mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na madarasa yakafurika upya. Watoto hawakuharibika ghafla mwaka 1977 wala 2016. Kilichotokea ni kwamba mwalimu aliyezoea kuwajua wanafunzi wake wote alijikuta hawajui hata nusu. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na wengi wetu tumefundisha mara mbili ya hao. Darasa kubwa ambalo mwalimu halijui kwa majina hugeuka kundi, na mtoto akiwa ndani ya kundi hufanya mambo ambayo peke yake angeyaonea haya.

Kwa hiyo anza na majina. Chukua rejesta siku ya kwanza, ita majina yote mawili mawili, na ukikosea kutamka jina la mtu muulize linatamkwaje, kisha lirudie mpaka akubali. Chora ramani ya madawati nyuma ya daftari lako na waombe wakae walipoketi kwa muda wa mwezi mzima. Halafu kuna jambo dogo ambalo walimu wengi hulidharau: madaftari. Ukishasahihisha, usimpe kiranja agawe. Gawa mwenyewe. Ita jina, mtazame anayekuja, mpe daftari mkononi, mwambie neno moja kuhusu kazi yake: "Hatua ya pili umeipata vizuri, angalia ya tatu." Utatumia dakika kumi ambazo utaona kama zimepotea. Hazijapotea. Mtoto aliyeshika daftari lake kutoka mkononi mwako, akasikia kuwa umeisoma kazi yake, siku nyingine utamwita jina moja tu akiwa anapiga porojo na atageuka kukusikiliza.

Na kamwe usimwite mtoto kwa shati lake lililochanika, kwa ufupi wake, wala kwa kabila lake. "Wewe wa nyuma pale" nalo ni tusi dogo, ingawa tumelizoea.

Hapa niseme kitu kuhusu ile orodha ya wapiga kelele, maana utaikuta. Mwalimu akitoka, kiranja anasimama ubaoni au anakaa na karatasi, anaandika majina. Mwalimu akirudi anaichukua karatasi na walioandikwa wanaadhibiwa, hakuna swali. Muulize mtu mzima yeyote aliyesoma shule zetu atakueleza kilichokuwa kinaendelea: jina lilifutwa kwa andazi au kwa karanga za kipimo, mtoto aliyegombana na kiranja asubuhi aliandikwa hata kama alikuwa amelala, rafiki wa kiranja alipiga kelele kutwa nzima na jina lake halikuonekana. Watoto wadogo wanajifunza hapo kwamba mwenye kalamu huhongwa na kwamba mkubwa haulizi ushahidi. Halafu tunashangaa wanakua wakiamini hivyo. Mjukuu wangu, orodha hiyo usiipokee. Ukilazimika kutoka, acha kazi ubaoni, na ukirudi ikague kazi hiyo. Darasa lisilo na mwalimu wala kazi litapiga kelele, hata wangekuwa maaskofu na masheikh ndio wameketi humo.

Jambo jingine linahusu Kidato cha Kwanza peke yake, na wageni wengi wa kazi hawalioni. Watoto unaowapokea wamesoma miaka saba kwa Kiswahili. Ghafla Januari wanakuta biolojia na hesabu zimegeuka Kiingereza. Yule aliyekuwa hodari wa kujibu Darasa la Saba ananyamaza kabisa. Mwenzake, ambaye naye haelewi, anachagua kuchekesha, kwa sababu ni afadhali aonekane mtundu kuliko aonekane mjinga. Wote wawili wana shida moja, lakini mmoja tunamwita mpole na mwingine tunampeleka kwa mwalimu wa nidhamu. Mpe nafasi aulize kwanza kwa namna anayoweza, hata kama ni kwa Kiswahili, kisha msaidie kuligeuza swali lake. Na akijaribu Kiingereza akakosea, wenzake wakamcheka, hapo ndipo nataka uwe mkali kuliko popote pengine. Simamisha somo. Waambie bila kupaza sauti kwamba katika chumba hiki hachekwi mtu aliyejaribu. Sema hivyo kila inapotokea, hata mara ishirini. Darasa ambalo mtoto hachekwi huwa rahisi sana kulifundisha, kwa kuwa waliokuwa wakijificha kwenye utundu hawana tena sababu ya kujificha.

Utapata pia mwanafunzi anayechelewa kila siku, na mwingine anayesinzia kipindi cha nne. Kabla ya kumweka nje, muulize, na umuulize mkiwa kando, wenzake wakiwa wametoka. Shule nyingi za kata ziko mbali na vijiji, na wazazi wasio na hosteli ya karibu huwapangia watoto chumba mtaani, geto kama wenyewe wanavyoliita. Msichana wa miaka kumi na nne anaishi huko na mwenzake: anateka maji, anapika, anafua sare, analala akisikiliza nani anapita nje. Asubuhi anafika shuleni amechoka kama mama wa watoto watatu. Ukimpiga kwa kusinzia umeongeza mzigo juu ya mzigo. Ukimjua, utamwambia mwalimu wa malezi, utamwambia mkuu wa shule, mzazi ataitwa, na huenda akapatikana ndugu au jirani mwema wa kumkaribisha. Usiubebe mzigo huo peke yako wala usiufanye siri yako na yake.

Ukaribu ninaousema una mipaka, na sitaki uelewe vibaya. Mwanafunzi asitumwe nyumbani kwako kupika wala kufua. Mazungumzo ya faragha yawe mahali ambapo watu wanawaona, mlango ukiwa wazi. Usiandikiane naye ujumbe wa simu usiku. Nawaambia hasa vijana wa kiume wanaosoma waraka huu: tangu marekebisho ya mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampeleka jela miaka 30 anayempa mwanafunzi ujauzito, na hata kabla ya sheria kufika hapo, mwalimu aliyemtongoza mwanafunzi wake amekwisha kulipoteza darasa zima. Watoto hujua. Wanajua kabla ya mkuu wa shule.

Sasa fimbo, maana najua unasubiri niizungumzie. Watakuambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali ni ya kweli, nami nimeitumia kwa wanangu, lakini haijasema mtoto alie kwa nini. Mtoto anaweza kulia kwa kurudia zoezi lote baada ya saa za masomo, au kwa kukunjiwa uso na mwalimu anayempenda. Kilio cha namna hiyo kinafunza. Kwa upande wa sheria, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa tu, na vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kisha adhabu iandikwe kitabuni. Msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwapo. Linganisha na unayoyaona kila asubuhi mstarini. Jirani zetu wa Kenya waliipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001. Na Agosti 2018 huko Bukoba mtoto wa shule ya msingi, akituhumiwa wizi, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake. Nadhani aliyemchapa hakuamka siku hiyo akikusudia kuua mtoto. Hasira na fimbo vikikutana mkononi, hakuna anayejua mwisho wake. Ushauri wangu kwako ni mfupi: usiishike kabisa. Fimbo hunyamazisha darasa kwa muda ule tu uliopo wewe, na ukigeukia ubao wanaanza upya.

Badala yake weka kanuni chache, tatu zinatosha, na uzipange pamoja nao wiki ya kwanza. Zikishawekwa zimguse kila mtu, mtoto wa diwani na mtoto wa mlinzi. Watoto huvumilia mwalimu mkali. Asiyevumilika kwao ni mwenye upendeleo. Na siku ukimwadhibu asiye na kosa, mwombe radhi mbele ya wale wale waliomwona akiadhibiwa. Heshima yako haitapungua hata chembe.

Nikukumbushe na wazazi. Wamezoea kupigiwa simu na shule mtoto akikosea au mchango ukidaiwa, na wengi moyo huwashtuka wakiona namba hiyo. Wewe chagua wazazi wachache kila mwezi uwapigie kuwapa habari njema: amesoma kwa sauti leo, amemsaidia mwenzake hesabu. Anza na wazazi wa wale watundu. Mtoto atakuja kesho yake anakutazama kwa namna nyingine, nawe utaona kazi yako imepungua nusu.

Hayo yote yatachukua muda, na muhula wa kwanza utachoka sana. Usikate tamaa Februari. Jumatatu ukiingia, acha kitabu cha kiada kifungwe kwa kipindi hicho kimoja. Fungua rejesta, ita jina la kwanza, na umuulize mwenye jina anatoka kijiji gani na anafika shuleni kwa njia ipi. Kisha wa pili. Nipigie jioni uniambie umefika wa ngapi.