Simu ya Bibi Ambayo Sikuipokea



Vijana wenzangu, leo naomba niwasimulie habari za rafiki yangu mmoja. Alinizidi miaka zaidi ya hamsini, hakujua kusoma, na aliniita "mume wangu". Huyo ni bibi yangu mzaa mama, wa Katesh, Hanang.

Mimi ni mtoto wa Dongobesh, Mbulu. Likizo ikifika, mama alinipandisha basi kwenda kwa Bibi, chini ya Mlima Hanang. Jioni tulikaa jikoni tukala makande sahani moja. Alikuwa na kopo la chumvi ya Ziwa Balangida, na nikilalamika kwamba anazidisha, alinijibu: "Kula, mume wangu. Mimi nimekula chumvi nyingi, ndiyo maana nakuzidi akili." Nilipomwambia nataka upadre, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kwa hiyo unaniacha mjane?" Tukacheka mpaka machozi. Tangu siku ile, kila jioni tendo moja la rozari yake lilikuwa langu.

Nikaenda seminari kusoma falsafa, nikakutana na Aristotle. Anasema urafiki ni wa aina tatu: wapo wanaopendana kwa faida, wapo wanaopendana kwa raha, na wapo wachache ambao kila mmoja anamtakia mwenzake mema kwa ajili ya huyo mwenzake. Huu wa tatu hauji haraka. Anakumbusha methali ya watu wake kwamba watu hawajuani kabla hawajala chumvi pamoja. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe Bibi alishanifundisha!

Sasa sikilizeni. Jumamosi tarehe 2 Desemba 2023 nilikuwa naandika insha kuhusu urafiki huohuo. Jioni nikashika simu, nikakuta Bibi amepiga mara mbili. Nikajisemea, "Atataka kunipa habari za ndama wake. Nitampigia kesho baada ya Misa." Nikarudi kwenye insha. Yaani nilimwahirisha rafiki ili niandike vizuri kuhusu urafiki.

Alfajiri ya Jumapili, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka kwenye makazi ya watu na mjini Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Bibi alikuwa mmoja wao.

Siku hiyo ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Injili ilikuwa Marko 13:33-37: mwenye nyumba amesafiri, na watumishi hawajui atarudi jioni, usiku wa manane, jogoo awikapo au asubuhi. Agizo la Yesu ni moja: kesheni. Niliisikiliza kanisani nikiwa bado sijapata habari, akili yangu ikiwa kwenye mitihani.

Mpaka leo sijui Bibi alitaka kuniambia nini. Hilo lilinitesa miezi mingi. Mwishowe nikamweleza mlezi wangu wa kiroho. Akaniuliza, "Ungempigia, ungemwambia nini?" Nikasema ningemsalimia, ningemwahidi sala, ningemwomba naye aniombee. Akanijibu, "Mbona hayo yote bado unaweza?"

Nilikuwa nimeusoma Ushirika wa Watakatifu darasani. Siku ile ndipo ulipogeuka kuwa wangu. Sisi tunaosafiri duniani, wanaotakaswa toharani na walioko mbinguni ni familia moja katika Kristo. Mtakatifu Monika, alipokuwa anakufa kule Ostia mwaka 387, hakujali tena azikwe wapi. Aliwaomba wanawe wamkumbuke altareni, basi. Kwa hiyo kila Misa, marehemu wanapoombewa, mimi namtaja Bibi moyoni. Hiyo ndiyo simu ninayompigia. Na naamini lile tendo langu la rozari hajaliacha.

Lakini msije mkanielewa vibaya. Hii si ruhusa ya kuchelewa. Nimesamehewa, ila zile dakika mbili za Jumamosi hazirudi. Kukesha si kukaa na hofu ya kufa tu. Ni kumpenda aliye mbele yako leo, wakati bado anaweza kukujibu. Ndugu yangu, una bando la kutazama video mpaka saa saba usiku, na babu yako kijijini anasubiri umsalimie. Mpigie. Ukienda likizo, kaa jikoni, kula naye, hata kama chumvi imezidi.

Na kama wako ameshatangulia, usibaki na majuto peke yake. Peleka nia ya Misa parokiani kwako, mtaje katika rozari, tembelea kaburi lake.

Ee Bwana, uwapokee bibi yangu na wote waliolala siku ile Hanang. Utufundishe kupenda kabla ya kesho. Amina.