Haki ya Aliyeungua Moto

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Enyi Waislamu, imepokewa katika Hadithi kwamba mwenye kufa kwa kuungua yu katika mashahidi. Hilo husemwa matangani. Lakini aliyeungua akapona, haki yake ni ipi juu ya wenziwe? Hilo wachache huliuliza.

Jiko la mafuta ya taa humlipukia mtu, akauguzwa miezi. Ngozi hufunga, likabaki kovu gumu lenye kuwasha, na kiungo kikakunjamana. Wala moyo haufungi pamoja na ngozi. Usiku huuota ule moto akashituka. Akinusa moshi hutetemeka. Akitoka nje, huyu humgeuzia uso, na yule humkodolea macho. Mwisho hujifungia ndani, akaacha soko na baraza, hata jamaa akaiacha. Huko ni kuungua mara ya pili, na moto huo wa pili huwashwa na majirani.

Tazameni mwendo wa wema waliotangulia. Khabbab bin Al-Aratt (R.A.) alikuwa mtumwa mfua chuma katika Makka. Aliposilimu, makafiri walimlaza juu ya makaa ya moto, mgongo wake ukabaki na makovu. Baada ya miaka mingi aliingia kwa Sayyidna Umar katika ukhalifa wake. Umar alimsogeza karibu naye, akamtukuza. Ndipo Khabbab akaufunua mgongo wake. Alipewa nafasi kwanza, na kovu likaonekana baadaye.

Na Sharia imemhurumia mwenye jeraha: maji yakimdhuru, huosha palipo pazima, na hutayamamu kwa pale pasipooshwa. Ikiwa Sharia imeilinda ngozi yake na maji, vipi Muislamu ataujeruhi moyo wake kwa jicho?

Basi apishwe safuni, aamkiwe kama wenziwe, aitwe kwa jina lake wala si kwa kovu lake. Akitaka kusimulia, asikilizwe; akinyamaza, asichokonolewe. Wala asiambiwe kwamba khofu yake ni upungufu wa imani. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Khofu hiyo ni maradhi, na maradhi hupelekwa kwa tabibu.

Mwenyezi Mungu awaponye walioungua, ngozi zao na nyoyo zao, na awaepushe Waislamu na moto wa dunia na wa akhera. Amin.