Silaha za Sauli, Kiatu cha Jirani

JUMATANO

Soma 1 Samweli 17:38–40. Kwa nini Daudi alivua mavazi ya vita aliyovikwa na Sauli? Baada ya kuyavua alifanya nini?

Mwaka 1960, jijini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni, kilomita 42.195, akiwa pekupeku. Viatu alivyopata havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964 huko Tokyo, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu. Mtu yule yule, njia mbili. Kila mara alitumia kilichoufaa mguu wake.

Sasa mfikirie mtu wa miaka 45 anayejiunga na kikundi cha kukimbia alfajiri. Mwenzake ana soli za ndani zilizoinuka katikati, naye hukimbia kilomita 10. Mgeni ananunua soli kama zile na kukimbia kilomita zile zile. Baada ya wiki 3, akishuka kitandani, hatua ya kwanza inamchoma kisigino. Soli zile hazikuwa mbaya, kama vile upanga wa Sauli haukuwa mbaya. Hazikuwa zake.

Kujipima kunadai unyenyekevu. Soli mpya hujaribiwa ndani ya kiatu cha kukimbilia, baada ya kutoa ile ya zamani ili mguu usibanwe. Ni vema iwe jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo. Ikisugua au kuumiza, iachwe, hata kama ni ya bei kubwa. Anayeanza hutembea na kukimbia kwa zamu, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Huongeza umbali polepole na kuweka siku za kupumzika. Mwenye kisukari, ambaye ganzi ya miguu huweza kumficha kidonda, amwone kwanza mhudumu wa afya.

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na Wagalatia 6:4. Je, kutafuta kinachokufaa ni uwakili wa mwili, au ni kujipendelea?

Hatari ipo. Neno “hainifai” huweza kuwa kisingizio cha kubaki kitini. Lakini Daudi alipovua silaha za Sauli hakurudi nyumbani kwa baba yake. Aliokota mawe 5 kijitoni, akashika kombeo lake, akamwendea Mfilisti. Kuvua kwake kulionekana kuwa kwa haki kwa sababu kulifuatwa na kwenda. Vivyo hivyo, anayeacha kilomita 10 za mwenzake na aamke kesho kwa kilomita 2 zake.

Ni mzigo gani, katika afya au katika huduma, unaoubeba kwa sababu tu mwenzako anaubeba? Ukiutua leo, utashika nini mkononi kesho asubuhi?