Kisichomdhuru Mwenye Afya

Mara nyingi twasikia watu wakisema: «Jambo hili halimdhuru mtu.» Neno hilo lasemwa kwa moyo mtulivu, nasi twalipokea bila kuuliza: mtu yupi? Tulipime leo kwa ugonjwa mmoja ambao wasomaji wengi hawajausikia.

Katika udongo, katika majani yaozayo, katika mahindi na karanga zilizowekwa penye unyevu, huota ukungu wa namna nyingi. Namna moja yaitwa Aspergillus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na padri Mwitalia, Pier Antonio Micheli, aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Aliona ya kuwa umbo lake lafanana na kinyunyizio cha maji ya baraka, ambacho kwa Kilatini chaitwa aspergillum. Mbegu zake hazionekani kwa macho. Zaelea hewani, na kila mmoja wetu huzivuta kwa mamia kila siku. Wala hatuugui, kwa kuwa mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe, ambazo huziharibu mbegu hizo mapafuni kabla hazijaenea.

Lakini mwenye kansa ya damu amepungukiwa na askari hao. Ugonjwa wenyewe huwaharibu, na dawa kali zinazoua kansa huwaua pia. Katika tone dogo mno la damu, milimita moja kila upande, mtu mzima mwenye afya huwa kwa kawaida na chembe za ulinzi zaidi ya 1,500. Zikishuka chini ya 500 na kukaa hivyo zaidi ya siku 10, hatari ni kubwa. Ukungu huota ndani ya mapafu, huingia katika mishipa ya damu, na waweza kufika hata ubongoni. Mwaka 2002 waganga walitangaza matokeo ya kulinganisha dawa mbili kwa wagonjwa wa namna hii, wengi wao wenye magonjwa ya damu. Baada ya majuma 12, waliopewa dawa mpya, vorikonazoli, walibaki hai 71 katika 100. Waliopewa dawa ya zamani, 58. Hata kwa dawa iliyo bora, karibu watu 3 katika 10 walifariki.

Nani basi amewaua? Penye kifo, wengi wetu hutafuta adui. Hapa adui hayuko. Hakuna aliyechukia, hakuna aliyetia sumu. Basi, pasipo nia mbaya, je, pana deni?

Tutazame kazi mbili zilizo halali. Jengo likibomolewa karibu na hospitali, vumbi lake hubeba mbegu za ukungu, na waganga wameona mara nyingi wagonjwa wa damu wakipatwa kwa njia hiyo. Mwashi hakutenda dhambi kwa kubomoa ukuta. Lakini akiisha kuambiwa ni nani amelala nyuma ya dirisha, hawezi tena kusema kwamba vumbi ni vumbi tu. Vilevile wakulima hunyunyizia mashamba yao dawa za kuua ukungu zilizo za jamaa moja na dawa za hospitali. Ukungu wa shambani huzizoea. Huko Uholanzi wameonekana wagonjwa wenye ukungu usiosikia dawa hizo, ingawa wao wenyewe hawajazimeza kamwe.

Wazee husema kwamba tembo wakipigana, nyasi huumia. Nasi twaongeza: hata tembo wakipita kwa amani, nyasi hukanyagwa.

Mtu atatupinga, tena si bila sababu: tukipima kila kazi kwa aliye dhaifu kuliko wote, nani atajenga, nani atalima? Watu hawana budi kula. Twakubali. Lakini mgonjwa hatuombi tuache kazi. Atuomba tumhesabu kabla ya kuianza. Kulowesha vumbi, kuziba madirisha, kuchagua dawa nyingine ya shamba pale inapotosha: hayo yamgharimu mwenye nguvu jasho na fedha. Tusipoyatenda, dhaifu hulipa kwa uhai wake. Malipo hayo mawili hayalingani, na haki haiwezi kuyaita sawa.

Deni hilo lafika hata nyumbani mwetu. Mgonjwa wa damu akirudi kutoka hospitali, tunyunyize maji kabla ya kufagia. Karanga zenye ukungu zisiwekwe chumbani mwake, wala asitumwe kugeuza takataka za shamba. Jamaa zake wakimkataza kazi hizo, tusiseme kwamba ana maringo.

Asiyemchukia jirani yake ametimiza nusu tu ya wajibu. Nusu ya pili ni kujua jirani huyo aweza kuvumilia nini. Basi tukitaka kusema tena kwamba jambo fulani halimdhuru mtu, tuulize kwanza tumemhesabu nani.