Ukali Uzaliwao na Hofu
Somo: 1 Yohana 4:18



Mwaka 2007, huko Virginia, Marekani, serikali ilikamata mbwa wapatao 50 waliokuwa wakipiganishwa kwa ajili ya kamari. Walikuwako watu waliotaka wote wauawe. Lakini 22 walipelekwa Utah, kwenye makao ya Best Friends, wakatunzwa. Wengi walionekana kuwa waoga kuliko kuwa wakali.

Mbwa mwenye hofu haponywi kwa fimbo. Akipigwa kila angurumapo, hofu huzidi, na siku moja atauma pasipo kuonya. Mtunzaji mwenye busara hutafuta kwanza kile kimtishacho: pengine ufagio, pengine kofia. Hukiweka mbali, mahali ambapo mbwa akiona aweza kutulia, ndipo humpa kipande cha nyama. Kesho hukisogeza kidogo. Mbwa akitetemeka, hukirudisha nyuma, bila hasira. Kazi hii huchukua miezi, hata miaka.

Ndugu zangu, huenda nyumbani mwako yumo mtoto wa jamaa aliyepigwa sana alikotoka. Akijibu kwa ukali, twaikimbilia fimbo. Je, tumewahi kujiuliza anaogopa nini? Mtume Yohana atufundisha ya kuwa upendo ndio uiondoao hofu. Naye Bwana wetu, alipotujia sisi wenye hofu, alikuja akiwa mtoto mchanga, asimtishe mtu.

Tumwombe atujalie saburi yake. Amina.